Boksi lisilopaswa kufunguliwa mpakani

Ofisa wa forodha alikuwa anatimiza wajibu wake. Alikata utepe mweusi, akainua mfuniko wa kwanza, akainua wa pili, akafungua karatasi nyeusi na kukuta vipande kumi vya plastiki ya kijivu. "Mbona hakuna kitu?" aliniuliza. Kweli hakukuwa na kitu tena. Jua la saa sita mchana lilikuwa limeshamaliza kazi.

Kwenye kimojawapo cha vipande hivyo kulikuwa na picha ya shangazi yangu, amesimama mlangoni pa duka lake la vitenge upande wa pili wa mpaka. Miezi mitatu baadaye alifariki. Sina picha nyingine yake dukani.

Wanaosafirisha filamu za eksirei au karatasi za kuchapia picha wanalifahamu tatizo hili: bidhaa hizo zikifunguliwa ili zikaguliwe, zimeharibika. Filamu yangu ilikuwa ya vipande, ile ya kamera kubwa za mbao ambazo mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi. Kipande kimoja hubeba picha moja, na kipimo kinachotumika sana ni inchi 4 kwa 5. Hutengenezwa na Ilford ya Uingereza, Kodak ya Marekani na Foma ya Jamhuri ya Czech. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utaivusha kwa cheti rahisi cha uasili kwa kuwa mzigo wako haufiki dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya.

Tangu siku ile nasafisha picha zangu kabla ya kuvuka. Si lazima uwe na studio. Nimesafishia kwenye bafu la nyumba ya wageni, usiku, blanketi likiwa limeziba dirisha na kanga imekunjwa chini ya mlango. Kaa humo dakika tano taa ikiwa imezimwa. Ukianza kuona mkono wako, bado kuna ufa.

Njia ya kwanza ni ya trei. Panga nne kwa mstari: maji, dawa ya kusafishia, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mengi, kisha fiksa, yaani dawa inayoifanya filamu isiharibiwe tena na mwanga. Trei hizo zisirudi jikoni kamwe, na vaa glovu. Kila kipande kina mikato midogo ukingoni. Kishike wima, mikato ikiwa juu kulia, na upande wenye dawa utakuwa unakutazama. Gizani utaipapasa kwa kidole. Tumbukiza vipande kwenye maji kimoja kimoja, la sivyo vitagandana, kisha vihamishie kwenye dawa. Hapo kazi ni moja: chomoa cha chini, kiweke juu, chomoa cha chini, kiweke juu, taratibu, maana kona ya kimoja hukwaruza uso wa kingine. Anza na viwili tu.

Filamu ya FP4 Plus ya Ilford katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 8 na nusu kwenye nyuzi 20. Kwa trei, ambako filamu haitulii, muda hupunguzwa kidogo. Taabu iko kwenye hizo nyuzi 20. Maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa ni ya moto kuliko hapo, na ukiyatumia hivyo hivyo picha inaungua, inakuwa nyeusi tii. Mimi huweka trei ya dawa ndani ya besheni lenye maji na barafu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na kipimajoto hakitoki mkononi. Simu ya kuhesabia muda iache nje ya mlango, uisikie ikilia tu. Ujumbe wa pesa ulioingia gizani uliwahi kunigharimu vipande viwili.

Asiyetaka kukaa gizani muda wote atumie bomba la plastiki la inchi moja na nusu kutoka duka la vifaa vya ujenzi, lenye vifuniko vya kukaza pande zote mbili. Filamu hujikunja ndani yenyewe, upande wa dawa ukitazama katikati. Mimina dawa, funga, washa taa, kisha livingirishe bomba kwenye besheni la maji hadi muda uishe. Chagua bomba jeusi au la kijivu nene. Jeupe hupitisha mwanga.

Baada ya fiksa, osha kwa maji mengi na uning'inize kwa vibanio vya nguo pasipo na vumbi. Fiksa iliyotumika usiimwage. Ina fedha, ile ya madini, na wapo wanaoikamua.

Neno kuhusu dawa zenyewe. Za unga ni nyepesi kubeba kuliko za maji, lakini unga mweupe ndani ya mfuko usio na lebo utakuweka mpakani hadi jioni. Uache kwenye pakiti ya kiwandani, risiti ikiwa juu. Kwa filamu isiyosafishwa, beba ule mfuko mweusi wenye mikono na umwombe ofisa aingize mikono yake humo akague kwa kupapasa. Wengine hukubali.

Mwezi uliopita nilivuka pale pale nikiwa na bahasha tu. Ofisa mwingine alichomoa negativu moja akaiinua dirishani: nywele nyeupe, meno meusi, nyuma vitenge vimepangwa hadi darini. Alikuwa binti wa shangazi, ambaye sasa ndiye mwenye duka.

"Huyu namfahamu," alisema, akanirudishia bahasha.