Stori za besi zinakuhadaa: Mbona setbuku lazima uisome mwenyewe

Likizo ikifika pale Kanja, Embu, stori za mabeshte hazikosi setbuku. "Bembea ya Maisha ushamaliza?" Mwingine anajibu brathe yake alimsimulia yote. Basi wanarudi kwa mpira na bando.

Hapo ndipo ngori huanza. Karatasi ya tatu ya Kiswahili KCSE, ile ya Fasihi, ina alama 80. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20, na la kwanza ni lazima. Kwa tamthilia na riwaya unaweza kuwekewa dondoo na kuulizwa muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Hizo ni alama 4 za bure kwa msee aliyesoma. Brathe alikuambia Sara ni mgonjwa na Neema anahangaika. Lakini hayo maneno yalisemwa wapi? Hakukuambia. Mwongozo nao huruka vitu kama hivyo.

Si eti mwache kupiga stori. Tamthilia huandikwa isemwe kwa sauti, so hata nakala ikiwa moja, gawaneni wahusika, msome onyesho moja kila jioni, halafu mmoja afunge kitabu aulize, "Nani kasema?" (Beshte akiigiza mama mzee mtacheka, na hiyo sehemu hamtaisahau.)

Ukidhani nakubeba ufala, uliza masista na mabrathe waliosoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, mtu wa huko Tharaka, jirani zetu. Taja tu Mwelusi uone.