Moteri ikikwama, kata kuran kwanza



Katika koperative zenye mashini ya kusaga ya umeme, tunasikia neno moja kila msimu: «Moteri imeungua tena.» Watu wanasema ilikuwa mbaya toka dukani. Lakini moteri nyingi zinakufa juu ya vile tunazitumia. Tuangalie kazi yake.

Waya yenye kupitisha kuran, ukiiweka karibu na sumaku, inasukumwa. Ukiikunja ikuwe duara, upande mmoja unasukumwa huku, wa pili kule. Ndiyo maana inageuka, kama usukani ulioshikwa kwa mikono miwili. Duru za waya zikiwa nyingi, kuran ikiongezeka, ao sumaku ikiwa kali, inageuka kwa nguvu zaidi.

Sasa shikeni hili. Moteri inapozunguka vizuri, mzunguko wenyewe unazuia kuran isiingie nyingi. Ikikwama, hakuna tena cha kuizuia: inaweza kuvuta kuran mara 5 mpaka 7 ya kawaida. Na joto linapanda kupita kuran: kuran mara 6 inaleta joto mara 36 ndani ya waya. Rangi inayofunika waya za shaba inaungua, waya zinagusana, moteri imekufa.

Umeme dhaifu pia ni hatari. Volti zikishuka toka 220 mpaka 176, nguvu ya kuzungusha inabaki karibu 64 kwa 100. Mahindi yaliyosagika vizuri asubuhi yanaweza kuikwamisha mangaribi.

Basi, tufanye hivi:

– Washa mashini ikiwa tupu. Ikishika mbio, ndipo umimine mahindi kidogo kidogo.
– Mahindi yawe makavu na yamepepetwa. Mawe na misumari itoke.
– Moteri ikinguruma bila kuzunguka, kata kuran palepale. Usiingize mkono wala kijiti mbele ya kukata.
– Taa zikififia, acha kusaga, ngojeni umeme urudi vizuri.
– Kifaa cha kukata kuran kikijikata chenyewe, musikifunge kwa waya. Kimeokoa moteri, tafuteni kwanza sababu.

Kufunga waya upya kunalipwa na sanduku yetu sisi wote, na siku hizo zote wamama wanarudia kinu. Mwenye kulinda mashini ajue sheria hii moja: ikikwama, kata.