IELTS: Alama Hupatikana Wapi?

IELTS ni mtihani wa kimataifa unaopima uwezo wa mtu kutumia Kiingereza, ulioanza mwaka 1989, na vyuo vikuu vingi vya Uingereza, Australia na Kanada huyatumia matokeo yake kuamua kama mwombaji ataweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli, bali mtahiniwa hupewa daraja kati ya 0 na 9 kwa kila moja ya stadi nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na wastani wake ndio huwa daraja la jumla. Kwa kuwa matokeo kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2 tu, inafaa kujua kwanza daraja linalotakiwa na chuo, ndipo ada ilipwe.

Wengi hujiandaa kwa kurudia sarufi waliyosoma sekondari, na hapo ndipo jitihada yao inapopotea, kwa maana sarufi ni sehemu moja tu ya kinachopimwa. Katika kuandika, kwa mfano, mtahiniwa hupewa dakika 60 za kujibu maswali mawili, la kwanza kwa maneno yasiyopungua 150 na la pili, ambalo ni insha, kwa maneno yasiyopungua 250. Na kwa sababu insha ina uzito maradufu, ndiyo inayostahili dakika 40. Mtahini huangalia mambo manne yenye uzito sawa: jinsi swali lilivyojibiwa, mtiririko na mshikamano wa hoja, upana wa msamiati, na sarufi. Aliyeulizwa kama usafiri wa umma usiotozwa nauli ndio dawa bora ya foleni za magari, akaandika aya nne kuhusu kero za foleni bila kusema kama anakubali au anakataa, atashushwa daraja hata kama kila sentensi yake imenyooka. Insha za kukariri, zinazouzwa kwa wingi, huwaangusha watu kwa njia hiyohiyo.

Sehemu ya kusoma ina maswali 40 kwa dakika 60, na mtego wake mkubwa ni maswali yanayotaka mtu aseme kama kauli ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Kifungu kikieleza kwamba kiwanda fulani kiliajiri wanawake wengi, kisha kauli ikasema kwamba wanawake hao walilipwa ujira mdogo kuliko wanaume, jibu ni kuwa haikutajwa, hata kama msomaji anajua kwamba mambo mara nyingi yalikuwa hivyo, kwani kinachopimwa ni kilichoandikwa, si kinachojulikana.

Katika kusikiliza, kila rekodi huchezwa mara moja tu, na jibu sahihi lenye tahajia mbaya huhesabiwa kuwa kosa. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kazi ya ziada hapa, kwa sababu lugha yake ina irabu tano tu, hivyo maneno kama “ship” na “sheep”, moja likiwa meli na jingine kondoo, humfikia sikioni kama neno moja. Tofauti hiyo haizoeleki kwa kusoma kanuni. Huzoeleka kwa kusikiliza taarifa za habari kila siku, sentensi moja ikirudiwa na kuandikwa mpaka ilingane na ilivyosemwa.

Kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14 mbele ya mtahini, na katika sehemu ya pili mtahiniwa hupewa mada, dakika 1 ya kujipanga, kisha huzungumza peke yake kwa dakika 1 hadi 2. Zoezi linalosaidia sana halihitaji mwalimu: mtu ajirekodi kwa simu akimweleza mama yake au shangazi yake kwa dakika 2, kisha asikilize upya akihesabu ni mara ngapi “she” imegeuka “he”, kwa kuwa Kiswahili humwita kila mmoja “yeye” na mdomo uliozoea hivyo hauoni sababu ya kutofautisha.