Mlima Ndani ya Namba: Jinsi Kompyuta Inavyoturusha juu ya Kilimanjaro

Yawezekana siku hizi kuruka juu ya Kilimanjaro, kuzunguka Kibo na kuteremka hadi Moshi, bila ndege wala kamera. Mtazamaji huona filamu. Kumbe kilichomo ndani yake ni namba tupu. Makala haya yataeleza namba hizo hupatikanaje, hugeuzwaje kuwa picha, na kwa nini picha hizo zaweza kumpotosha asiyejua kuuliza.

Kupima mwinuko kutoka angani

Mwezi wa Februari 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada mahali pawili: chomboni, na kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Mawimbi yaliyotumwa chini yalirudi yakapokewa pande zote mbili, lakini kwa kuwa antena zilitengana, umbali wa safari yao haukuwa sawasawa. Kutokana na tofauti hiyo ndogo wataalamu walikokotoa mwinuko wa ardhi, kama vile macho yetu mawili yanavyotuwezesha kutambua kilicho karibu na kilicho mbali. Hivyo ilipimwa karibu asilimia 80 ya nchi kavu. Tangu 2014 vipimo vya Afrika vyenye nafasi ya mita 30 hivi kati ya nukta na nukta hutolewa bure kwa umma.

Eneo la digrii moja ya latitudo kwa digrii moja ya longitudo lina safu 3,601, na kila safu ina namba 3,601. Jumla yake ni karibu milioni 13.

Kutoka namba hadi filamu

Kompyuta huunganisha nukta zilizo jirani kuwa pembetatu ndogo ndogo. Kila pembetatu hupewa mwanga au kivuli kwa kadiri inavyolielekea jua, au huvikwa rangi zilizotoka katika picha ya setilaiti. Kisha huchaguliwa mahali pa jicho. Umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari wa kutazamia hugawanywa kwa umbali wake mbele ya jicho. Ndiyo sababu vitu vya mbali huonekana vidogo. Pembetatu zilizositiriwa na nyingine hazionyeshwi. Jicho likisogezwa kidogo, kazi yote hurudiwa. Filamu ya dakika moja, yenye picha 24 kwa sekunde, yahitaji picha 1,440.

Ukweli wa mteremko

Hapa ndipo uangalifu unapotakiwa. Kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo ni kilomita 30 hivi zikipimwa juu ya ramani, na tofauti ya mwinuko ni kilomita 5 hivi. Tanjenti ya mteremko wa wastani ni 5/30, yaani pembe ya digrii 9.5. Mtengenezaji wa filamu akiuzidisha mwinuko mara 3 ili mlima upendeze, tanjenti huwa 15/30, na pembe hufikia digrii 27 hivi. Picha za mlima Maat Mons wa sayari ya Zuhura, zilizotokana na vipimo vya chombo Magellan katika miaka ya 1990, zilizidishwa zaidi ya mara 20. Mlima wenye miteremko ya taratibu ukaonekana kilele kilichochongoka.

Namba zenyewe pia zina mipaka. Korongo lenye upana usiofika mita 30 laweza kupotea kati ya nukta na nukta. Penye msitu mnene, sehemu kubwa ya mawimbi hurudishwa na miti kabla hayajafika ardhini. Kwa hiyo filamu peke yake haimtoshi anayepanga kujenga barabara au mfereji.

Zoezi la darasani

Mwalimu achukue ramani ya kontua ya skeli 1:50,000. Wanafunzi wapige mstari kukata kilima, wasome mwinuko kila sentimita moja, kisha wachore umbo lake mara mbili katika karatasi ya grafu: kwanza kwa skeli moja wima na ulalo, halafu wima ukizidishwa mara 3. Wapime pembe zote mbili. Baada ya hapo, kila waonapo picha ya mlima iliyochorwa na kompyuta, waulize kwanza: wima umezidishwa mara ngapi?