Bunduki Haifundishi Mara Mbili

Asafiriye kwa barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa, afikapo Rudewa wakati mahindi na mpunga vinakaribia kukomaa, ataona madungu yamesimama mashambani. Juu ya madungu hayo mara nyingi hukaa vijana. Kazi yao ni kuwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe mwitu usiku. Hiyo ni kazi ya heshima, maana kundi la nguruwe laweza kumaliza kwa usiku mmoja jasho la jamaa nzima la msimu mzima. Kijana alindaye chakula analijenga taifa sawasawa na mfanya kazi wa shamba la mkonge.

Kama silaha za mlinzi huyo zingekuwa teo, debe na sauti yake tu, tusingekuwa na neno. Lakini katika vijiji vingi vya nchi yetu vinavyopakana na pori, liko pia gobore. Huning'inizwa ukutani au hufichwa darini, na kijana wa miaka 14 au 15 hulijua mahali lilipo. Siku mzazi akiwa safarini, au usiku nguruwe wakizidi, kijana hulichukua. Hapo ndipo msiba uanzapo.

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Walikuwa na maana kwamba ajikate kidogo, ajifunze. Sisi twasema kwamba methali hiyo haifai kwa bunduki. Wembe hukata kidole, na kidole hupona. Bunduki haifundishi mara mbili.

Gobore lina hatari zake lenyewe. Hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni, kwa hiyo kulitazama tu hakuwezi kukuonyesha kama limejaa au ni tupu. Baruti iliyoshindiliwa juma lililopita, kama haikupata maji, yangali hai leo. Tena mengi yametengenezwa kwa siri, na mtutu wake ni bomba la maji ambalo halikukusudiwa kuhimili nguvu ya baruti. Likipasuka, humjeruhi alishikaye usoni na mikononi, na nguruwe huenda zake salama.

Kutojua ndiko kunakoua. Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, bomu la kurusha kwa mkono lililofikishwa shuleni kwa kudhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka. Wanafunzi 5 walikufa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Watoto wale hawakuwa watundu. Hawakuwa wamefundishwa kukitambua kile walichokiona.

Kwa hiyo twasema wazi: kuficha bunduki hakutoshi, maana macho ya mtoto huona kila maficho. Ni lazima vijana wafundishwe. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejaa, hata kama mwenyewe ameapa kuwa ni tupu. Isielekezwe kwa mtu, hata kwa mzaha. Kijana akiikuta bunduki, risasi au chuma asichokijua, asikiguse. Aondoke, awaondoe na wenzake, akamwambie mtu mzima. Na mwenzake akimwonyesha bunduki kwa kujivuna, kuondoka si woga. Ni akili.

Mzazi naye ana wajibu ulio mzito zaidi. Mwenye bunduki ya halali aifungie, isiwe na risasi ndani, na risasi zifungiwe mahali pengine, naye mwenyewe awe na ufunguo. Asiye na leseni akumbuke kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtambui, ijapokuwa gobore lake ni urithi wa babu. Serikali haikukosa huruma katika jambo hili. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba 2022 ilitoa msamaha kwa kila aliyesalimisha silaha kwa hiari yake. Umoja wa Afrika nao umeufanya mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha. Msamaha utangazwapo tena, asibaki mtu nyuma.

Liko jambo moja tena, na Rudewa yalijua kuliko sisi. Tarehe 8 Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na malisho uliishia katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwa vifo vya watu 38. Vijana walio shuleni leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wameyasikia. Tusiwaachie waamini kwamba silaha ilindayo shamba ndiyo imalizayo ugomvi. Ng'ombe akiingia shambani, njia ni kwa mwenyekiti wa kijiji, baraza na sheria. Kijana wa mkulima na kijana wa mfugaji wafundishwe hayo kwa neno moja, na ikiwezekana wakiwa wameketi pamoja.

Kazi hii isingoje wageni kutoka mjini. Mabalozi wa mashina wanazijua nyumba zao. Jumuiya ya Wazazi na Umoja wa Vijana wana matawi. Walimu wana watoto mbele yao kila siku, na polisi wa kata wanaweza kualikwa. Mkutano mmoja kabla ya msimu wa kulinda mashamba hauna gharama yo yote.

Ndugu wanachama na wafanya kazi, mahindi yakiliwa na nguruwe tutapanda mengine mwakani. Mtoto hapandwi tena. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye bunduki aitazame mahali ilipo, na kila mzazi aseme na mwanawe.