Mpenzi wako huchagua chakula? Mpeleke kwa Wakorea polepole

Msomaji, bila shaka unamjua mtu ambaye akiingia hotelini hana haja ya kusoma orodha ya vyakula. Kwake ni kuku na chipsi, leo na kesho. Ukimsogezea sahani ya kitu kigeni, atakinusa, atakigeuza kwa uma, kisha atasema ameshiba. Je, mtu huyo akiwa ndiye mpenzi wako, na wewe umeshikwa na hamu ya chakula cha Kikorea, utafanyaje?

Jijini Nairobi mikahawa ya Kikorea imekuwapo kwa miaka mingi, na vijana wengi wamevutwa huko na tamthilia za Kikorea wanazotazama. Kumwalika mwenzako si kazi. Kazi ni kumfanya afurahie jioni hiyo badala ya kuhisi kwamba ameitwa kwenye mtihani.

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma, lakini hayo si maneno ya kumtupia mpenzi mezani. Kuchagua chakula si maringo kila mara. Kuna watu waliozaliwa wakihisi uchungu wa mboga kwa ukali kuliko wengine. Kuna wanaoshindwa na harufu, na wengine ni ule utelezi mdomoni. Kwa hivyo, kabla ya siku yenyewe, muulize kwa upole: ni nini hasa kinachokushinda?

Swali hilo lina manufaa mengine. Vyakula vingi vya Kikorea hutiwa sosi ya soya, mafuta ya simsim, samaki au kamba. Mtu anayedhurika na vitu hivyo hafai kuvionja kwa kukisia. Vilevile, nyama ya nguruwe hupendwa sana na Wakorea. Ikiwa mwenzako ni Mwislamu au haili kwa sababu nyingine, ulizia mkahawani mapema kama nyama zote huchomwa kwenye wavu mmoja.

Anza na anachokijua

Usianze na kilicho kigeni zaidi. Mkenya anayependa nyama choma tayari yuko nusu ya safari. Agiza bulgogi, yaani nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba na kulowekwa katika sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu na mafuta ya simsim. Haina pilipili kali na utamu wake hauna ugomvi na mtu. Kuna pia galbi, ambazo ni mbavu. Katika mikahawa mingi nyama hiyo huchomwa papo hapo mezani penu, na mtu aliyeona chakula chake kikiiva huwa na hofu kidogo.

Kando yake utaletewa visahani vidogo vidogo viitwavyo banchan. Hivi kwa kawaida havilipiwi, na vikiisha huongezwa. Hapo ndipo bahati ya mtu mteuzi ilipo, kwa kuwa anaweza kuonja kijipande bila kuharibu sahani nzima wala pesa za mtu. Spinachi iliyochemshwa kidogo na kutiwa simsim haitamshangaza aliyelelewa kwa sukuma wiki. Mkibahatika kuletewa vidagaa vikavu vilivyokaangwa kwa sosi tamu, mwambie ni binamu za omena.

Mwingine anayefaa kwa mgeni ni bibimbap: bakuli la wali lenye mboga za rangi mbalimbali, nyama kidogo na yai juu yake. Mchuzi mzito wa pilipili, gochujang, omba uletwe kando, naye atie kiasi anachotaka.

Kimchi isiharakishwe

Kimchi ndicho chakula kinachowatisha wengi. Ni kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, kisha ikaachwa ichache. Wakorea huiweka mezani karibu kila mlo. Desturi ya familia na majirani kukusanyika na kutengeneza kimchi ya msimu wa baridi, iitwayo kimjang, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2013 kwa upande wa Korea Kusini, na mwaka 2015 kwa Korea Kaskazini.

Usimwambie mwenzako kuwa ni kabichi iliyochacha halafu ukangoja ashangilie. Mkumbushe mursik ya Wakalenjin au uji uliochachushwa. Ukali wa kuchacha si mgeni kwetu, ila sisi tumeuzoea katika maziwa na nafaka, wao katika mboga. Hata pilipili yenyewe haikuwa yao tangu mwanzo. Asili yake ni bara la Amerika, na inasadikika ilifika Korea mwishoni mwa karne ya 16. Iko hata kimchi nyeupe isiyo na pilipili. Kama ipo, mwanzishie hiyo.

Adabu za meza

Asiyejua kutumia vijiti asione haya. Wakorea wenyewe hula wali na supu kwa kijiko. La kuepuka ni kuchomeka vijiti wima ndani ya wali, kwani hufanana na sadaka ya wafu. Na kama mmealikwa na Wakorea, ngojeni mkubwa wa meza aanze.

Kuna desturi moja iliyo tamu kwa wapendanao. Chukua jani la saladi, weka kipande cha nyama, wali kidogo na mchuzi, likunje, umlishe mwenzako. Huitwa ssam, na hutiwa mdomoni lote mara moja. Miongoni mwa Wakorea, kumkunjia mtu ssam ni dalili ya mapenzi. Lakini muulize kwanza ungetia nini ndani. Ukimfichia kimchi humo, umempoteza, naye hatakuamini tena mezani.

Akikataa je?

Akionja akaweka kando, nyamaza. Usimkodolee macho, usimwambie "Hata mtoto hula hiki", wala usimtolee mfano wa rafiki yako aliyemaliza bakuli. Chema chajiuza. Inajulikana kwamba watoto huhitaji kuonja chakula kipya mara nyingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, kabla ya kukikubali, na watu wazima nao hujenga mazoea hatua kwa hatua. Jioni moja haitabadilisha ulimi uliolelewa miaka 25.

Ndiyo maana ni busara kuagiza chakula kimoja ambacho una hakika atakila, na kingine cha kujaribu. Akila cha kwanza na kugusa cha pili, jioni imefaulu. Wakorea wana kawaida ya kumsalimu mtu kwa kumuuliza kama amekula. Kwao, swali hilo ni njia ya kumjulia mtu hali. Mpenzi wako akirudi nyumbani ameshiba na hajaaibishwa, huenda siku nyingine akawa yeye wa kukuuliza, "Twende tena kwa Wakorea?"