Betri, Baridi ya Ufipa na Uhakiki wa Kiendeshi

Mtu aliyepata kuamka alfajiri ya mwezi wa Julai mjini Sumbawanga hahitaji kuelezwa maana ya baridi. Mji huo uko juu ya uwanda wa Ufipa, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya alfajiri hupenya hata makoti mawili. Ifikapo adhuhuri jua huwa kali kiasi cha kuchoma mkono unaogusa bati. Nilipokuwa huko nilimkuta kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu kwa sola, naye alikuwa na malalamiko. "Shikamoo mwalimu. Simu hii asubuhi inavuta umeme kidogo kidogo, na saa nane mchana inagoma kabisa. Bila shaka betri imekufa." Simu yenyewe ilikuwa imelazwa juu ya bati, kando ya paneli. Tuliihamishia kivulini, na baada ya muda ikaanza kushika chaji.

Betri ilikuwa nzima, na aliyekuwa akigoma ni msimamizi wake. Ndani ya kila simu ya kisasa mna chipu ya usimamizi wa umeme. Chipu hiyo hupokea umeme wa chaja, huugawa kwa volti mbalimbali zinazohitajiwa na kichakato, kumbukumbu na kioo, na huamua betri ipewe mkondo wa kiasi gani. Betri za lithiamu zina masharti yake. Zikichajiwa kwa nguvu katika baridi, lithiamu hushindwa kupenya ndani ya grafaiti upesi ya kutosha na hujilimbika juu yake kama utando wa madini. Betri hupungua uwezo, na huweza hata kuwa ya hatari. Kwa hiyo ni desturi kutozichaji kabisa chini ya nyuzi 0 za Sentigredi, kupunguza mkondo kati ya nyuzi 0 na 10, na kupunguza au kukata umeme halijoto inapopita nyuzi 45. Siku moja ya Ufipa yaweza kuugusa mpaka wa chini na ule wa juu pia.

Lakini chipu hupokea maagizo. Anayeiagiza ni programu ndogo iitwayo kiendeshi, nayo hukaa katika kiini cha mfumo wa uendeshaji. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Maandishi ya kiini hicho yako wazi, na kiendeshi kipya hakiingizwi humo mpaka watu wengine wakisome mstari kwa mstari na kukihoji. Kazi hiyo ndiyo uhakiki.

Msomaji atauliza: mbona tusikijaribu tu katika mashine? Majaribio ni ya lazima, lakini mwandishi wa kiendeshi hujaribu kazi yake mezani, katika chumba chenye nyuzi 25, kwa umeme usioyumba. Baridi ya Julai haimo katika chumba hicho, wala paneli ambayo volti yake huanguka kila wingu linapopita. Mhakiki hana budi kuyaleta mambo hayo kwa fikra. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, msimamizi wangu alikuwa akizirudisha programu zangu zikiwa zimejaa wino mwekundu, na aghalabu swali lilikuwa lile lile: kifaa kisipojibu, itakuwaje? Wakati ule niliona ni uchokozi.

Hebu tulifuate swali hilo kwa namba. Chipu na kichakato huzungumza kwa nyaya mbili, moja ya data na nyingine ya mapigo ya saa, kwa utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Chipu huweka vipimo vyake katika rejista za biti 8, yaani baiti moja moja. Kiini cha Linux hutaka halijoto ya betri itajwe kwa sehemu za kumi za nyuzi. Basi nyuzi 8.0 huandikwa 80, na nyuzi 48.0 huandikwa 480. Kwa kuwa baiti moja haiwezi kubeba namba inayozidi 255, tuchukue chipu ya mfano yenye kugawa kipimo katika rejista mbili, ya juu na ya chini. Kiendeshi husoma zote mbili, huzidisha ya juu kwa 256, kisha hujumlisha ya chini.

Sasa ni alfajiri, na betri ina nyuzi 8. Rejista ya juu ina 0, ya chini ina 80. Kiendeshi kinasoma ya juu salama. Kinapoomba ya chini, mawasiliano yanakatika kwa nukta moja. Katika Linux ombi lililoshindwa hurudisha namba hasi, na hitilafu ya kawaida ya kusoma au kuandika ni −5. Mwandishi hakuuliza kama jibu ni hasi, bali alilitia moja kwa moja katika chumba cha biti 8 kisichojua alama ya kutoa. Wanafunzi waliokwisha kusoma namba za msingi wa pili waone wenyewe: 256 ukitoa 5 unapata 251. Na 251 kwa sehemu za kumi ni nyuzi 25.1.

Hapo ndipo penye hatari. Makosa mengine hujifichua. Volti, kwa mfano, hutajwa kwa mikrovolti. Mwandishi akisahau kuzidisha kwa 1,000, betri ya volti 4.2 itaripotiwa kuwa na volti 0.0042, na kila mtu atacheka. Kosa letu halichekeshi, kwa sababu linafanana na ukweli. Nyuzi 25.1 ndiyo halijoto ya meza ya mwandishi. Betri iliyoganda huko Sumbawanga itaamriwa kupokea mkondo wote. Ni kweli kwamba chipu nyingi zina kinga yake isiyotegemea programu, lakini kinga hiyo aghalabu huwekewa mipaka na kiendeshi hicho hicho.

Sahihisho ni dogo: jibu litiwe kwanza katika chumba kipana kinachojua namba hasi, likiwa hasi, lirudishwe kama hitilafu, na lisigeuzwe kuwa halijoto. Ugumu huja baadaye. Kipimo kikikosekana, chaja ifanye nini? Wako wahakiki watakaosema umeme ukatwe papo hapo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Anayetoka kijijini akatembea nusu siku hadi kibandani atarudi na simu iliyozima kwa sababu ya nukta moja ya mawasiliano. Heri kiendeshi kiulize tena mara chache, kikipunguza mkondo wakati huo, na kikate umeme endapo ukimya utaendelea. Mtengenezaji wa chipu aweza kuwa na sababu za kukataa, na ni haki yake kuzieleza mbele ya wote.

Programu iliyosahihishwa ikirudi, mhakiki mwema huisoma upya yote, wala hatazami ile mistari mitatu iliyobadilishwa tu. Katika mfano wetu atakuta kwamba kifungu cha halijoto sasa ni sahihi. Kurasa mbili mbele kipo kifungu cha kupima mkondo, kilichoandikwa na mtu yule yule, siku ile ile, nacho bado kinaitia −5 katika chumba cha biti 8.